Sherehe za wanachuo mitaani: ankara apelekewe nani?

Tiketi ya dola 5 za Marekani ndiyo iliyotuliza usiku wa Halloween katika mtaa wa State Street mjini Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin. Kabla tiketi hiyo haijaanza kuuzwa mwaka 2006, jiji lilikwishatumia askari wa miguu, askari wa farasi, gesi ya pilipili na maonyo ya kila aina, na bado kwa miaka minne mfululizo, 2002 hadi 2005, usiku huo uliishia kwa vurugu. Mwaka 2002 maduka yalivunjwa vioo na mengine yakaporwa.

Waliofanya hivyo hawakuwa majambazi wa kukodiwa. Wengi walikuwa vijana wa chuo kikuu pamoja na wageni wao kutoka miji mingine, wamevaa mavazi ya vinyago kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo ya mwisho wa Oktoba, wamekunywa kupita kiasi, na baa zilipofungwa wakawa hawana mahali pa kwenda isipokuwa barabarani.

Habari za namna hii kwa kawaida huandikwa katika kurasa za polisi na mahakama. Lakini kwa mfanyabiashara, hasa yule mwenye nyumba ya kupangisha au duka karibu na chuo, ni habari ya hesabu. Anayekunywa ni mmoja, anayelipa kioo ni mwingine, anayelipa ovataimu ya polisi ni mlipakodi wa jiji, na anayepokea kodi ya nyumba ambamo bia imenywewa hayupo kabisa mtaani siku hiyo. Uzoefu wa miji ya vyuo ya Marekani na Kanada kwa zaidi ya miaka 50 unaonyesha kuwa ankara inapopelekwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuzuia sherehe, mwaka unaofuata sherehe hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Mlango mmoja, bei moja

Madison ni mfano mzuri kwa sababu ina mitaa miwili yenye sherehe mbili, na dawa iliyofanya kazi katika mtaa mmoja ilishindwa katika mtaa wa pili. Miaka ile jiji lilikuwa na wakazi zaidi ya 200,000, na chuo kikuu chake, ambacho kimefundisha Kiswahili kwa miongo kadhaa, kilikuwa na wanafunzi wapatao 40,000. Maana yake ni kwamba biashara nyingi za katikati ya jiji, kuanzia mkate hadi viatu, zinamtegemea mwanafunzi. Mwenye duka hawezi kumchukia mteja wake, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoanzia.

State Street ni mtaa wa maduka, mikahawa na baa unaounganisha jengo la bunge la jimbo na chuo. Magari mengi ya binafsi hayaruhusiwi kupita. Ukiutazama kwa jicho la mwenye ukumbi wa dansi, utaona mara moja kwamba ni ukumbi ambao haujawekewa paa: una ncha mbili na vichochoro vinavyohesabika. Meya wa wakati huo, Dave Cieslewicz, alikubali kuufunga kwa vizuizi mwaka 2006 na kutoza kiingilio. Mwaka uliofuata kampuni ya muziki ya Frank Productions ilikabidhiwa uendeshaji, na majukwaa ya bendi yakawekwa. Shughuli hiyo ilijulikana kwa jina la Freakfest.

Wapo waliodhani kwamba lengo la dola 5 lilikuwa kujaza mfuko wa jiji. Hesabu haikubaliani nao. Hata wakiingia watu 30,000, mapato ni dola 150,000, na usiku mmoja wa polisi kutoka wilaya kadhaa, zimamoto, magari ya wagonjwa na wafagiaji hugharimu zaidi ya hapo. Faida ya tiketi ilikuwa kwingine. Kwanza, jiji liliweza kuhesabu watu na kuweka kikomo. Pili, kijana aliyetoka mji wa mbali kwa ajili ya kuona vurugu alitakiwa kupanga foleni na kulipa, na wengi wa aina hiyo hawapendi foleni. Tatu, na hili ndilo kubwa, umati uliolipa kuangalia bendi hutazama jukwaani, nao huwa na saa ya kumalizika: muziki ukizimwa, watu wanajua wamekwishapata walichonunua na wanakwenda zao. Umati usio na jukwaa humtazama askari.

Freakfest iliendelea hadi mwaka 2019. Janga la korona liliisimamisha mwaka 2020 na 2021, na mwaka 2022 haikurejeshwa. Kufikia hapo hamu ya vurugu ilikuwa imekwisha, na wanunuzi wa tiketi walikuwa wamepungua pia. Ni nadra bidhaa kufanikiwa mpaka ikajiondoa yenyewe sokoni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mifflin hakuna geti

Umbali mfupi kutoka hapo upo mtaa wa Mifflin, na hadithi yake ni nyingine kabisa. Ni mtaa wa nyumba za mbao za zamani, zenye vibaraza mbele na roshani ghorofani, ambazo karibu zote zimepangishwa wanafunzi. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 3 Mei 1969, wakati wa vita ya Vietnam. Vijana walicheza muziki barabarani bila kibali, polisi wakaja, na mapambano yakadumu siku tatu. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo diwani kijana, mwenyewe mwanafunzi, aitwaye Paul Soglin.

Msomaji alishike jina hilo. Soglin alichaguliwa kuwa Meya wa Madison mwaka 1973, akarudi tena mwaka 1989, na mara ya tatu mwaka 2011 baada ya kumshinda Cieslewicz. Siku chache tu baada ya kushika madaraka kwa mara hiyo ya tatu, tarehe 30 Aprili 2011, sherehe ya Mifflin ilimlipukia mikononi.

Mwaka huo waandalizi walikuwa wamejaribu kuleta dawa ya State Street. Wafadhili walipatikana, majukwaa yakawekwa, na kwa mara ya kwanza watu wazima waliovaa utepe maalumu mkononi waliruhusiwa kunywa bia barabarani. Watu wapatao 20,000 walifurika. Watu wawili walichomwa visu. Meya ambaye mwenyewe aliwahi kukamatwa katika mtaa huohuo alitangaza kwamba sherehe sasa basi, na katika vijiwe vya Madison mzaha juu ya jambo hilo haukuisha kwa muda mrefu.

Kwa nini utepe ulishindwa pale tiketi iliposhinda? Jibu lipo katika ramani. State Street haina watu wengi wanaoishi chini, ina milango ya maduka tu. Mifflin ina nyumba mkabala na nyumba, na kila nyumba ni baa isiyo na leseni. Huwezi kumtoza kiingilio mtu anayeketi kwenye kibaraza chake. Pipa la bia lipo uani, bei yake ni ndogo kuliko ya muuzaji halali wa barabarani, na hakuna anayeuliza umri.

Suala la umri linahitaji maelezo kwa msomaji wa huku. Mwaka 1984 serikali ya shirikisho ya Marekani ilipitisha sheria ya kuyapunguzia majimbo fedha za barabara endapo yangeruhusu pombe kwa walio chini ya miaka 21. Wisconsin ilikubali yaishe mwaka 1986. Tangu hapo mwanafunzi wa miaka 18 hadi 20, yaani sehemu kubwa ya wanachuo wa miaka ya mwanzo, kisheria hauziwi bia katika baa. Hakuacha kunywa. Alihamia kwenye nyumba ya kaka yake wa mwaka wa tatu, nyumba ambayo haina mlinzi, haina mhudumu wa kumwambia imetosha, wala haina leseni ya kunyang'anywa. Sheria iliyokusudiwa kuokoa maisha barabarani iliipa mitaa ya makazi biashara ambayo haikuiomba.

Mwaka 2012 jiji lilibadili mbinu. Barabara haikufungwa, kibali hakikutolewa, na polisi walielekeza nguvu kwenye vibaraza na nyua: wenye kuingia uani kwa mtu bila ruhusa, wenye kunywa chini ya umri, wenye kubeba chupa wazi barabarani. Watu walipungua hadi kiasi cha 5,000, na waliokamatwa au kupewa hati za faini walizidi 400. Mwaka 2013 chuo nacho kikaanzisha tamasha lake la muziki, Revelry, ndani ya eneo la chuo, siku ileile.

Je, Mifflin ilikufa? Haikufa. Kila mwaka, Jumamosi ya mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, vijana hutoka tena, bila kibali na bila mwandalizi, na miaka ya baada ya korona wamekuwa wengi sana. Tofauti ni kwamba jiji sasa halimbembelezi mtu kuwa mwenyeji. Hata hivyo ovataimu ya polisi bado inatoka kwenye kodi ya majengo, ikiwamo ya bibi mzee wa upande wa pili wa mji ambaye hajawahi kuiona Mifflin.

Kanada: tarehe, uzio na faini

Miji ya vyuo ya jimbo la Ontario nchini Kanada imejaribu karibu kila kitu, na baadhi ya majaribio yalileta hasara.

Huko London, mji wa Kanada na si ule wa Uingereza, Chuo Kikuu cha Western kiliamua mwaka 2016 kuhamisha wikiendi yake ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani kutoka Septemba hadi mwishoni mwa Oktoba. Hesabu ilikuwa kwamba baridi ingekuwa imeanza na mitihani imekaribia, hivyo vijana wangetulia. Vijana waliipokea tarehe mpya, na ile ya zamani hawakuiacha. Sherehe ya Septemba ikaendelea katika barabara ya Broughdale bila chuo, bila ratiba, bila msemaji wa kuzungumza naye, na katika miaka iliyofuata umati ulifika makumi ya maelfu. Chuo kilikuwa na sherehe moja ngumu. Baada ya mageuzi mji ukawa na mbili.

Waterloo ilijaribu uzio. Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, ilikuwa imeigeuza barabara fupi ya Ezra, karibu na Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, kuwa uwanja wa watu wanaokadiriwa kufika 33,000 mwaka 2019. Barabara ilipozungushiwa uzio baada ya korona, vijana walisogea hadi mtaa wa jirani wa Marshall. Mwenye nyumba wa Ezra alipumua, mwenye nyumba wa Marshall akapata wageni. Uzio unasaidia pale tu wenye kuuzunguka wanapokuwa na mahali pengine pa kwenda ambapo hapamuumizi mtu.

Penn State, jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2013 baa na mikahawa ya mjini ililipwa fedha ili isiuze pombe katika siku ya sherehe iliyobuniwa na wanafunzi. Mtu wa biashara atatikisa kichwa. Kumlipa muuzaji ili asiuze ni ruzuku ya ajabu, na mwaka wa pili kila mmoja atataka kulipwa. Lakini ikilinganishwa na gharama ya polisi wa siku nzima, huenda haikuwa bei mbaya. Kasoro yake ni kwamba haikugusa pipa la bia la uani.

Kingston ndiyo iliyofika karibu zaidi na swali la nani alipe. Ni mji wa kando ya ziwa Ontario, wenye Chuo Kikuu cha Queen's kilichoanzishwa mwaka 1841. Mwaka 2005, wakati wa wikiendi ya wahitimu, maelfu walijazana katika mtaa mfupi wa Aberdeen, gari likapinduliwa na kuchomwa moto, na polisi wakarushiwa chupa. Mwaka 2008 chuo kilitangaza kufuta wikiendi hiyo ya vuli, na haikurudi hadi 2013. Hasara ya uamuzi huo iliwaangukia watu ambao hawakurusha chupa yoyote: wenye hoteli na mikahawa waliokuwa wakijaza vyumba na meza kwa wahitimu wenye pesa zao, watu wa makamo wanaolala mapema.

Ndipo halmashauri ya Kingston ikapitisha, mwaka 2018, sheria ndogo ya sherehe za kero. Sheria hiyo haiulizi ni siku gani wala ni sikukuu gani. Inamtazama aliyeandaa, aliyeruhusu na aliyehudhuria. Sambamba nayo ulianzishwa utaratibu wa kutoa samansi: katika vipindi maalumu vya mwaka, anayekutwa na kosa katika eneo la wanachuo hapewi karatasi ya faini akalipe dirishani kimyakimya, bali hutakiwa kufika mahakamani. Kwa kijana mwenye wazazi wa kumtumia fedha, faini ni bei ya bia iliyopanda kidogo. Kusimama mbele ya hakimu ni jambo jingine.

Mwaka 2021, umati ulipofurika tena baada ya vizuizi vya korona, Meya Bryan Paterson alitoa amri ya dharura iliyopandisha adhabu ya sherehe zilizovuka mipaka kutoka dola 500 za Kanada hadi 2,000. Aidha, chuo chenyewe kimekuwa kikichangia gharama za polisi. Hapo kuna mantiki ya kibiashara iliyo wazi: anayeleta wateja mjini na kupokea ada zao anabeba sehemu ya gharama ya tabia zao. Sherehe za Kingston hazijaisha, lakini ankara imeanza kuwafikia wenye kuhusika.

Wisconsin nako mfumo wa vyuo vya umma ulirekebisha kanuni zake za nidhamu mwaka 2009 ili ziweze kumfuata mwanafunzi hata nje ya eneo la chuo. Kabla ya hapo wakuu wa vyuo walizoea kusema kwamba yanayotokea mtaani ni ya polisi. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Nyumba ya kupangisha

Anayebaki ni mwenye nyumba, na huyu ndiye mwenye mengi ya kujifunza katika habari hii. Nyumba ya wanachuo ni kitega uchumi kinachovutia: vyumba vitano au sita, kila kimoja na mpangaji wake, mara nyingi mzazi ndiye mdhamini, na wateja wapya kila mwaka bila kutangaza sana. Mwenye nyumba hakai hapo, hivyo kelele haimfikii. Kwa miaka mingi mapato yake yaliongezeka kwa sababu mtaa una sifa ya sherehe, huku hasara ya sifa hiyo ikibebwa na jirani anayeishi katika nyumba yake mwenyewe.

Miji ilianza kumfikia kwa mambo madogo. Boulder, jimbo la Colorado, ilipiga marufuku mwaka 2002 kuweka makochi ya kitambaa nje ya nyumba katika eneo la wanafunzi la University Hill, baada ya makochi hayo kuwa kuni za mioto ya barabarani. Sheria ya makochi ilichekwa, lakini ilimlazimu mwenye nyumba kupita na kukagua kibaraza chake. Haikumaliza tatizo: Machi 2021 umati katika eneo hilohilo ulipindua gari. Jambo moja lilibadilika, kwamba jiji lilikuwa na mtu mwenye anwani ya kumwandikia barua.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kununua nyumba ya aina hii popote penye chuo, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa yanajitokeza yenyewe. Je, faini ya sherehe itamwangukia mpangaji aliyeandaa au mwenye hati ya nyumba? Mkataba unataja idadi ya wageni, au unasema tu "matumizi ya kawaida"? Bima inalipa roshani ikianguka kwa uzito wa watu 30 iliyojengwa kubeba wanne? Bei ya nyumba yenye majibu mabaya kwa maswali hayo huonekana rahisi siku ya kununua.

Madison ina ugumu wake katika hilo. Mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi huanza na kuisha katikati ya Agosti, wiki ambayo njia za waenda kwa miguu hujaa makochi na meza zilizoachwa na wanaohama. Lakini vijana huanza kugombania nyumba na kutia saini tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Mwenye nyumba anayeweka kifungu kipya cha wageni kwenye mkataba wa Oktoba hii atasubiri karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya Jumamosi ya Mifflin ambayo kifungu hicho kitahusika nayo, na kwa Jumamosi iliyo mbele yake anabaki na mkataba wa zamani.